Kutahini Maarifa ya Biblia katika Ujiji na Pwani ya Ziwa Tanganyika

Mtu anayetahiniwa habari za dini hutahiniwa mambo mawili kwa wakati mmoja: ile dini yenyewe, na lugha iliyotumika kumfundishia na kumwulizia. Mambo haya mawili hayatenganishiki kwa urahisi, na mara nyingi mtahini huhesabu upungufu wa lugha kuwa upungufu wa dini, au huhesabu wepesi wa ulimi kuwa wingi wa fahamu. Hasara yake si ndogo. Mwanafunzi wa shule hupoteza alama. Lakini mkatekumeni aliyeshindwa kujibu aliweza kucheleweshewa ubatizo wake, nao kwake si alama bali ni mlango wa kuingilia katika Kanisa.

Makusudi ya makala haya ni kueleza jinsi jambo hili lilivyo katika pwani ya mashariki ya Ziwa Tanganyika, hasa Ujiji, Kigoma na nchi ya Buha iliyo nyuma yake. Mahali hapa pafaa kuchunguzwa kwa sababu tatu. Kwanza, Kiswahili kilifika Ujiji kwa njia ya misafara ya biashara kabla ya wamisionari wa Kikristo, nacho kilifika pamoja na Uislamu. Pili, wenyeji wengi wa mkoa ni Waha, ambao lugha yao ya nyumbani ni Kiha. Tatu, madhehebu mengi ya Kikristo yamefundisha hapa, kila moja na vitabu vyake na desturi zake za kuuliza.

Asili ya mtihani wa dini

Wamisionari wa London Missionary Society walifika Ujiji mwezi Agosti 1878. Mapadre wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, waitwao Mapadre Weupe, waliwafuata mwezi Januari 1879. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers, aliyefanywa Kardinali mwaka 1882. Kutoka Ujiji mapadre walijenga vituo kando ya ziwa. Kituo cha Rumonge, katika nchi ya Urundi, kilianzishwa mwaka 1879, na mwaka 1881 mapadre wawili na msaidizi wao mlei waliuawa huko. Karema, upande wa kusini, walikabidhiwa mwaka 1885 na Wabelgiji waliokuwa na ngome pale. Ni Karema hiyo ambako Adrien Atiman, mganga na katekesta aliyezaliwa karibu na Timbuktu na kusomeshwa udaktari huko Malta, alifanya kazi tangu mwaka 1889 hata alipofariki mwaka 1956.

Lavigerie aliweka sharti kwamba mtu mzima asibatizwe upesi. Muda wa mafundisho ulikuwa miaka minne: miwili ya kuwa mwombaji, na miwili ya kuwa mkatekumeni. Katika daraja ya kwanza mwanafunzi alifundishwa misingi tu, kama vile kuwako kwa Mungu mmoja, kuumbwa kwa ulimwengu, na hesabu itakayotolewa baada ya kufa. Mafundisho yaliyo ya ndani zaidi yalingoja daraja ya pili. Mtu hakupanda daraja kwa kutimiza miaka tu. Aliulizwa maswali, na mwenendo wake ukachunguzwa. Aliyekuwa katika hatari ya kufa hakudaiwa muda huo. Kwake yalitosha yale ya lazima kabisa.

Yafaa kutambua mambo mawili kuhusu mtihani huo. Kwanza, ulikuwa wa mdomo, kwa kuwa wengi hawakujua kusoma. Pili, ulifuata umbo la katekisimu, yaani swali fupi na jawabu lililokwisha kutungwa. Jawabu la namna hiyo kwa kawaida huanza kwa kuyarudia maneno ya swali lenyewe, ili likumbukwe kwa urahisi. Faida yake ni dhahiri: mkatekesta asiye na kitabu aliweza kufundisha kijiji kizima, na mafundisho yasigeuke kutoka kijiji hadi kijiji. Lakini hapo hapo ndipo ilipo hatari. Mwenye sikio jepesi aliweza kulisema jawabu zima bila kulielewa, na mzee aliyeelewa vema, lakini ambaye ulimi wake haukuzoea Kiswahili, akaonekana hajui kitu. Desturi ya kuchunguza mwenendo ilisaidia kuziba pengo hilo. Mtihani wa karatasi wa leo hauna msaada huo.

Maneno yenye maana mbili

Msamiati wa Kikristo katika Kiswahili umetokana na visima mbalimbali. Maneno kama imani, dhambi, toba, neema, rehema, malaika, nabii, kanisa na msalaba yana asili ya Kiarabu. Mengine, kama Mwokozi, wokovu na Utatu, yameundwa kutokana na mizizi ya Kibantu. Mengine tena, kama ekaristi, sakramenti na katekisimu, yamekuja kutoka Kigiriki na Kilatini kwa kupitia lugha za Ulaya, na padre limetoka Kireno. Maneno ya kundi la mwisho hayana taabu katika mtihani, kwa kuwa mwanafunzi ama ameyafundishwa ama hakuyafundishwa. Taabu iko katika maneno yanayotumiwa na Wakristo na Waislamu pia, kwa sababu mtoto wa Ujiji huyajua maneno hayo tangu barazani na madrasani kabla hajayasikia kanisani.

Mfano ulio wazi ni neno mtume. Swali "Mtume ni nani?" likiulizwa Ujiji bila maelezo, lina majawabu mawili yaliyo sahihi. Katika mazungumzo ya Waislamu, Mtume ni Muhammad. Katika Agano Jipya, mitume ni wale kumi na wawili na Paulo pamoja nao. Mtoto aliyetoa jawabu la kwanza hakukosa Kiswahili. Amejibu kama mji wake unavyosema. Hali kadhalika neno Injili: Mkristo hulielewa kuwa habari njema na pia kuwa kitabu kimoja kati ya vinne, ilhali Mwislamu hulielewa kuwa kitabu kimoja alichoteremshiwa Nabii Isa. Hivyo swali "Injili ni ngapi?" kwa mmoja ni la kawaida, na kwa mwingine halina maana.

Neno la kumtaja Mungu lina historia yake pia. Kwa Kiha, kama kwa Kirundi na Kinyarwanda, jina la asili ni Imana. Katika Rwanda na Urundi Mapadre Weupe walitumia kwa miaka mingi neno Mungu, walilolichukua katika Kiswahili, kabla Kanisa halijalirudia jina Imana. Sababu yao ilikuwa kuogopa kwamba jina la zamani lingeleta mawazo ya zamani. Lakini jina geni nalo lina upungufu wake: mwanafunzi aweza kujibu vizuri habari za Mungu wa darasani, asitambue kwamba anaulizwa habari za yule yule ambaye bibi yake humwita Imana.

Majina ya watu na visa vya vitabu viwili

Visa vingi vya Agano la Kale vinajulikana pia kwa Waislamu. Kisa cha Yusufu, kilicho katika Mwanzo sura ya 37 hata 50, ndicho kinachojaza Sura ya 12 ya Kurani. Nuhu, Ibrahimu, Musa, Daudi, Sulemani, Ayubu na Yunus wanatajwa humo, na Sura ya 19 ina jina la Mariamu. Washairi wa Kiswahili wamewatungia tenzi Yusufu na Ayubu. Kwa hiyo mwanafunzi wa Ujiji haji darasani akiwa mtupu. Huja na hadithi aliyokwisha kuisikia, nayo hukubaliana na ile ya Biblia katika mambo mengi na kuhitilafiana nayo katika machache. Hayo machache ndiyo ambayo mtahini hupenda kuyauliza.

Kwa mfano: "Ibrahimu aliamriwa kumtoa sadaka mwanawe yupi?" Katika Mwanzo sura ya 22 ni Isaka. Kurani, katika Sura ya 37, haikumtaja mwana huyo kwa jina mahali pa kisa chenyewe, na Waislamu walio wengi humfahamu kuwa ni Ismaili. Ndiye anayekumbukwa siku ya Idi kubwa. Au tena: "Mke wa Potifari aliitwaje?" Mtoto aweza kujibu upesi, "Zulekha." Jina hilo halimo katika Biblia, wala halimo katika Kurani, limo katika masimulizi ya Kiislamu yaliyoenea. Jawabu hilo laonyesha kwamba mtoto amesikia kisa, lakini hakukisikia katika kitabu kinachotahiniwa.

Liko pia jambo la maumbo ya majina. Yohana ni Yahya kwa Waislamu, Yona ni Yunus, Eliya ni Ilyasi, na Yesu ni Isa. Baina ya Wakristo wenyewe maumbo hayakuwa mamoja: wengine wameandika Ibrahimu na wengine Abrahamu, na Wakatoliki kwa miaka mingi waliandika Yezu Kristu pale Waprotestanti walipoandika Yesu Kristo. Umbo la Yezu husikika hata leo kwa Wakatoliki wa Kongo na Burundi, na wengi wao wamevuka ziwa na mpaka kuja Kigoma. Kambi ya Nyarugusu katika wilaya ya Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Mtahini atakayekata alama kwa ajili ya umbo la jina atakuwa anapima dhehebu au nchi ya mtoto, wala si maarifa yake.

Tofauti hizi za maandishi zina asili katika tafsiri zenyewe. Agano Jipya la Edward Steere, kwa Kiswahili cha Unguja, lilitoka mwaka 1879, na Biblia nzima ya Unguja mwaka 1891. Biblia ya Kimvita ilikamilika mwaka 1914. Karl Roehl, aliyekusudia kupunguza maneno ya Kiarabu na kuyaweka ya Kibantu mahali pake, alitoa Agano Jipya mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937. Tafsiri ya muungano ilitoka mwaka 1952, nayo ndiyo iliyoenea zaidi kwa Waprotestanti. Mtu aliyelelewa kwa Roehl na mtu aliyelelewa kwa Steere waliweza kusimulia kisa kile kile kwa maneno yasiyofanana, wote wawili wakawa waaminifu kwa kitabu chao.

Hesabu zisizolingana

Yako maswali yanayoonekana kuwa mepesi kabisa, kwa kuwa jawabu lake ni tarakimu au neno moja, kumbe ndiyo yenye mtego mkubwa. "Amri ya sita yasemaje?" Mkatoliki na Mlutheri watajibu kwamba yakataza uzinzi. Mwanglikana, Mpentekoste na Mwadventista watajibu kwamba yakataza kuua. Hakuna aliyekosa. Maandiko yenyewe, katika Kutoka sura ya 20 na Kumbukumbu la Torati sura ya 5, hayakuzitia amri hizo nambari. Nambari zimetiwa na mapokeo, na mapokeo ni mawili. Kwa sababu hiyo amri ya Sabato ni ya tatu kwa baadhi yao na ya nne kwa wengine.

Kadhalika Zaburi ya mchungaji ni ya 23 kwa hesabu ya Kiebrania na ya 22 kwa hesabu ya Kigiriki na Kilatini, iliyofuatwa katika vitabu vya zamani vya Kikatoliki. Vitabu vya Biblia ni 73 kwa Wakatoliki na 66 kwa Waprotestanti. Sakramenti ni saba kwa hao wa kwanza, na wengi wa hao wa pili huhesabu mbili. Katika mkoa wenye Wakatoliki, Waanglikana, Wapentekoste na Waadventista, mtihani mmoja wa shule ya mchanganyiko hauwezi kuuliza mambo haya bila kutaja ni kwa mafundisho ya nani.

Sarufi na mafundisho

Wataalamu wa lugha watapendezwa zaidi na makosa yanayotoka katika viambishi vya vitenzi. Kiswahili hutenga kufufua na kufufuka, kubatiza na kubatizwa, kuumba na kuumbwa. Katika mafundisho ya Kikristo tofauti hizo ni nzito: Yesu alimfufua Lazaro, naye mwenyewe alifufuka siku ya tatu. Mwanafunzi aliyeandika "Yesu alifufua siku ya tatu" amekosa kiambishi kimoja. Je, amekosa imani? Mtahini mwangalifu atatazama sentensi inayofuata. Kama mwanafunzi ameeleza habari za kaburi tupu, basi alijua maana, na kosa ni la sarufi. Kama hakueleza neno, swali la pili la mdomo litaamua.

Vivyo hivyo katika matamshi. Wasemaji wa Kiha aghalabu huchanganya r na l, na katika kuandika mtoto aweza kuweka sara mahali pa sala. Katika mtihani wa mdomo wa zamani jambo hili halikumdhuru mtu, kwa sababu katekesta mwenyewe huenda alisema vivyo hivyo. Katika mtihani wa karatasi unaosahihishwa mbali na mkoa, linaweza kumpotezea mtoto haki yake.

Neno la kuulizia, kwa nini, nalo ni la kuangaliwa. Laweza kutaka sababu iliyotangulia au kusudi linalofuata. Kwa swali "Kwa nini Yesu alikufa?" mmoja atajibu kwamba ni kwa sababu wakuu walimchukia wakampeleka kwa Pilato, mwingine atajibu kwamba ni ili awaokoe watu. La kwanza ni jawabu la historia, la pili ni la mafundisho. Kama mtahini ataka la pili, hana budi kuuliza, "Yesu alikufa ili afanye nini?"

Mambo ambayo mtoto wa ziwani huyajua

Mpaka hapa zimetajwa taabu. Lakini mtoto wa pwani hii ana utajiri pia, ambao mitihani mingi haiugusi. Injili huitaja Galilaya kuwa bahari, na Luka huiita ziwa. Urefu wake ni kama kilomita 21 tu, ilhali Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 na zaidi. Mtoto aliyeona mawimbi yanayoletwa na upepo wa kusini kati ya Mei na Agosti haitaji kuelezwa kwamba maji baridi yaweza kuzamisha chombo.

Tena, uvuvi wa dagaa katika Ziwa Tanganyika hufanywa usiku wa giza kwa taa, kwa sababu samaki hufuata mwanga, na mbalamwezi huharibu kazi. Luka sura ya 5 husimulia kwamba Simoni na wenzake walikesha wakivua bila kupata kitu, kisha wakaamriwa kushusha nyavu tena. Swali la kawaida ni "Walipata nini?" na jawabu ni "Samaki wengi." Swali hilo hupima kumbukumbu tu. Swali bora ni hili: "Simoni alikuwa na sababu gani ya kusitasita?" Mtoto wa Ujiji aweza kujibu kwamba wakati wa kuvua ulikuwa umekwisha kupita, na mvuvi aliyekosa usiku hatarajii kupata mchana. Jawabu hilo halikuandikwa hivyo katika aya, lakini limeuona uzito wa kisa: Simoni alitii neno lililopingana na ujuzi wa kazi yake. Kumnyima alama mtoto huyo kwa kuwa maneno yake hayamo kitabuni ni kuadhibu ufahamu.

Mfano mwingine ni hesabu ya saa. Injili zasema kwamba siku ya kusulibiwa giza liliingia tangu saa sita hata saa tisa, na katika mfano wa wafanya kazi wa shamba la mizabibu, Mathayo sura ya 20, wa mwisho waliajiriwa saa kumi na moja. Wayahudi wa zamani hizo walihesabu saa za mchana tangu jua kuchomoza, kama Waswahili wanavyohesabu hata leo. Msomaji wa Kiswahili huelewa mara moja kwamba giza liliingia jua likiwa utosini, na kwamba aliyeajiriwa saa kumi na moja alifanya kazi saa moja tu kabla ya machweo. Msomaji wa Kiingereza hana budi kufasiriwa. Basi mtihani wa Maarifa ya Biblia wa kidato cha nne, ambao huandikwa kwa Kiingereza, humwondoa mtahiniwa katika lugha iliyo karibu zaidi na kitabu katika jambo hili, na kumpeleka katika lugha inayomlazimu kugeuza saa mara mbili.

Namna ya kuuliza kwa haki

Kutokana na yaliyoelezwa, yapo mambo manne yanayompasa mtahini.

La kwanza, ataje chanzo. Akiuliza "Kwa mujibu wa kitabu cha Mwanzo" au "Katika Injili ya Luka", swali huwa la maarifa, na mwanafunzi wa dini yoyote aweza kulijibu bila kukiri asichokiamini. Jambo hili ni la lazima hasa habari za msalaba, kwa kuwa Kurani, katika Sura ya 4, hukanusha kwamba Isa alisulibiwa.

La pili, atenge aina za maswali. Kumbukumbu ya kisa, mpango wa matukio, maana ya fundisho, na kulinganisha fundisho na maisha ni mambo manne mbalimbali. Karatasi yenye maswali ya "nani" na "wapi" peke yake haijapima mafundisho. Wala imani ya moyoni haipimwi kwa karatasi. Wale wa zamani waliochunguza mwenendo wa miaka minne walilijua hilo.

La tatu, akubali maumbo yote ya majina yaliyo katika vitabu vinavyotumika, na asitumie nambari za amri au za Zaburi bila kueleza ni hesabu ipi.

La nne, asamehe kosa la lugha pale ambapo maana imeonekana, na pale ambapo maana imefichika, aulize tena kwa maneno mengine, ikiwezekana kwa Kiha.

Tangu serikali ilipozitwaa shule nyingi za misioni kwa sheria ya mwaka 1969, katika shule za serikali watoto wa dini zote hukaa darasa moja, wakitengana katika vipindi vya dini tu. Wakristo na Waislamu wa Ujiji husoma pamoja, huvua pamoja, na majina ya manabii wao kwa sehemu kubwa ni yale yale. Katika mji wa namna hiyo swali la dini lililoulizwa ovyo laweza kumfanya mtoto ajione mjinga kwa yale aliyofundishwa nyumbani. Nalo lililoulizwa kwa uangalifu litamwonyesha kwamba anajua mengi, na kwamba yako mengine ya kujifunza. Mtahini akitaka kujua kama swali lake ni jema, na alisome mbele ya watoto wawili, mmoja wa madrasa na mmoja wa katekisimu, kisha awaulize, si jawabu, bali wamesikia wanaulizwa nini.